Nyekundu Yako, Kijani ya Mwenzako



Nimepewa mada ambayo mtoto wa chekechea anaijua. Muulize taa nyekundu ina maana gani, atakujibu bila kufikiri: simama. Muulize suka wa daladala aliyekaa miaka ishirini nyuma ya usukani, naye atakujibu hivyo hivyo, ila atacheka kidogo kwanza. Ndani ya kicheko hicho ndimo ulimo mhadhara wangu.

Hoja yangu ni moja, na nitaisema mapema ili atakayesinzia asiikose. Taa nyekundu iliwekwa kwa ajili ya kumpitisha mtu. Kila inapowaka nyekundu upande mmoja, upande mwingine kuna mtu aliyewashiwa kijani, na nyekundu ile haina sababu nyingine ya kuwapo. Ukilishika hilo utaielewa taa ya barabarani. Utapata pia kipimo cha kupimia "stop" nyingine zote tunazopigwa maishani: na refa, na mahakama, na serikali, na katiba. Nitaanza na taa yenyewe, kisha nije kwenye mafumbo yake.

Taa ya kwanza ilikuwa ya waenda kwa miguu

Taa ya kwanza ya kuongoza magari iliwashwa London mwezi Desemba 1868, nje ya majengo ya Bunge. Magari ya wakati huo yalikuwa ya kukokotwa na farasi. Aliyeibuni alikuwa John Peake Knight, mtu wa reli, na aliitengeneza kwa mtindo wa reli. Mchana ilinyoosha na kukunja mikono yake. Usiku iliwaka kwa gesi, nyekundu na kijani, na askari polisi alisimama chini yake akiigeuza kwa mkono. Haikudumu. Mapema Januari 1869 gesi ilivuja, taa ikalipuka, askari akaumia. London ikaiacha fikra hiyo kwa zaidi ya nusu karne.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia kwenye mlipuko. Mimi nawaomba tutazame shabaha yake. Magari ya farasi yaliyomiminika kuelekea Daraja la Westminster yaliwafanya watu, wabunge wakiwamo, washindwe kuvuka barabara. Nyekundu ilimaanisha magari yasimame ili watu wa miguu wavuke. Kijani nayo haikumaanisha "twende" kama tunavyoisoma leo. Ilimaanisha pita, lakini kwa hadhari, ukimwangalia anayevuka. Kwa hiyo taa ya kwanza duniani ilikuwa mali ya mtu asiye na chombo. Tumetoka mbali na hapo, na si kila hatua tuliyopiga ilikuwa ya kwenda mbele.

Rangi zenyewe zilitoka kwenye reli. Reli za Uingereza, tangu miaka ya 1840, zilitumia nyekundu kwa hatari, kijani kwa tahadhari na nyeupe kwa njia salama. Mpango huo ulikuwa na tundu. Nyekundu ilipatikana kwa kuweka kioo chekundu mbele ya taa ya kawaida. Kioo kikivunjika au kikidondoka, taa ilibaki nyeupe, na dereva wa treni aliyeiona nyeupe alijua amepewa njia. Ishara mbovu ilikuwa inatoa ruhusa! Baada ya miaka mingi reli ziliiacha nyeupe, kijani ikapandishwa cheo ikawa rangi ya kupita, na njano ikachukua kazi ya kuonya. Hapo ilizaliwa kanuni ambayo mafundi wanaishika mpaka leo: chombo cha kusimamisha kikiharibika, kiharibikie upande wa kusimama. Kanuni hii tutaihitaji tena tutakapofika kwenye ofisi za umma.

Umeme ulipoingia, Marekani ndiyo iliyoshika usukani. Tarehe 5 Agosti 1914 mji wa Cleveland, Ohio, uliwasha taa za umeme kwenye makutano ya barabara, nyekundu na kijani tu, na mlio wa kuonya kwamba rangi inabadilika. Mwaka 1920, mjini Detroit, askari polisi William Potts aliingiza rangi ya tatu, ile ya katikati. Na mwaka 1923 Garrett Morgan, Mmarekani mweusi wa Cleveland, alipata hataza ya ishara yenye nafasi ya tatu, inayosimamisha pande zote kwa muda mfupi ili njia panda ipate kubaki tupu kabla ya wengine kuruhusiwa. Potts na Morgan, kila mmoja kwa njia yake, waliligundua jambo lile lile: kati ya ndiyo na hapana lazima kuwe na nafasi ya kupumua.

Sheria inasema nini, breki zinasema nini

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama na ishara za barabarani umeeleza maana ya rangi hizi kwa maneno makavu, na sheria za nchi zetu zinakwenda njia hiyo hiyo. Nyekundu: gari lisivuke mstari wa kusimamia. Njano: gari lisivuke mstari, isipokuwa kama limeshaukaribia kiasi kwamba haliwezi kusimama kwa usalama.

Rudini kwenye njano. Madereva wengi wa mji huu wa Dar es Salaam wanaisoma kama amri ya kukanyaga mafuta. Sheria inaisoma kama simama, yenye huruma moja ndani yake. Na huruma hiyo imetokana na hesabu.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva makini, asiyechezea simu, anahitaji kama sekunde moja kati ya kuona na kukanyaga breki. Mita 14 zimekwisha kabla breki haijashika. Kwenye lami kavu, kwa breki nzima, atahitaji mita nyingine kama 14. Jumla 28. Mpandishe mwendo ufike kilomita 80 kwa saa: mita 22 za kushtuka, mita 35 za breki, jumla 57. Mwendo haujafika hata mara mbili ya ule wa kwanza, lakini umbali wa kusimama umezidi mara mbili. Halafu ongeza mvua, ongeza tairi kipara, ongeza abiria waliosimama wakining'inia kwenye bomba.

Ndiyo sababu njano huwaka kwa kawaida kati ya sekunde 3 na 5. Hilo ni deni la taa kwa dereva. Taa inakiri kwamba hakuna kitu kizito kinachoweza kusimama papo hapo, na kwamba kumwadhibu mtu kwa kutofanya lisilowezekana ni dhuluma. Tunapenda kusema ajali haina kinga. Njano ni kinga, imetundikwa juu ya nguzo, kila mtu anaiona.

Kibao cha STOP kina kazi tofauti kidogo. Vya kwanza viliwekwa Detroit mwaka 1915, vyeupe vyenye herufi nyeusi. Katika miaka ya 1920 wahandisi wa Marekani walikubaliana kwamba kadiri umbo linavyokuwa na pembe nyingi ndivyo hatari inavyokuwa kubwa: duara, ambalo pembe zake hazihesabiki, likawekwa kwenye makutano ya reli, na pembe nane zikapewa STOP. Kwa miaka mingi kibao hicho kilikuwa cha njano, maana rangi nyekundu ya wakati huo ilipauka juani na haikuonekana vizuri usiku. Nyekundu ilikuja mwaka 1954. Umbo la pembe nane halikupewa alama nyingine, kwa hiyo hata kibao kikijaa vumbi, au ukikiona kwa mgongo, unajua kimesema nini.

Taa hukuambia zamu yako imefika au bado. Kibao hakijui kama kuna gari linakuja. Kinakutaka usimamishe tairi kabisa, utazame, kisha uamue mwenyewe. Taa inadai utii. Kibao kinadai utii na akili. Na juu ya vyote viwili kuna mkono wa askari: trafiki akinyoosha mkono, agizo lake linashinda taa na kibao. Sheria imempa uwezo huo kwa sababu mashine haioni gari la wagonjwa lililokwama nyuma ya lori. Namna tunavyoutumia uwezo huo ni habari nyingine, na nitaijia baadaye kidogo.

Bahari ilitangulia

Kabla sijafika kwenye njia panda ya Magomeni, nipitie baharini, maana sisi ni watu wa pwani. Tangu katikati ya karne ya 19 meli zimekuwa zikiwasha taa nyekundu ubavu wa kushoto na taa ya kijani ubavu wa kulia. Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini za mwaka 1972 zinasema hivi: vyombo viwili vya injini vikikatizana njia, kile ambacho kinamwona mwenzake kwa upande wake wa kulia ndicho kinachopisha.

Chora picha hiyo usiku. Chombo chako kina mwenzako upande wako wa kulia, anakatiza mbele yako kwenda kushoto. Unachoona kwake ni ubavu wake wa kushoto, yaani taa nyekundu. Yeye anachoona kwako ni ubavu wako wa kulia, yaani kijani. Hakuna nguzo pale, hakuna askari, wala mstari mweupe juu ya maji. Wewe umeona nyekundu, unapisha; yeye ameona kijani, anashika njia yake. Kila chombo kimebeba ruhusa ya mwenzake. Nahodha anayezima taa zake ili ajiwahie hajavunja kanuni peke yake. Amemnyima mwenzake habari inayomuokoa.

Saa kumi na mbili jioni, Magomeni

Sasa tusimame pale Barabara ya Morogoro inapokutana na ya Kawawa. Nyekundu imewaka. Gari la mbele limesimama, lakini tairi za mbele zimeshapita mstari. Bodaboda zinapenya katikati ya magari, kioo cha pembeni kikikwepa kioo cha pembeni, mpaka zinapanga safu mbele ya wote, juu ya zebra. Mama mwenye mtoto mgongoni anayetaka kuvuka hana zebra tena. Anazunguka tairi za pikipiki, mguu mmoja ndani ya njia ya mabasi ya mwendokasi. Vijana wa maji baridi, korosho na chaja za simu wanakatiza haraka haraka, maana kwao nyekundu ndiyo saa ya biashara. Kijani haijawaka, honi zimeanza nyuma. Bodaboda mmoja anachomoka. Upande wa pili suka aliyeiwahi njano bado yuko katikati na kipanya chake.

Tazameni vizuri. Hapo hakuna jambazi. Kila mmoja ameiba sekunde mbili tu, na angeulizwa angesema sekunde mbili ni nini. Sekunde mbili za huyu na mbili za yule zimekutana mahali pamoja, kwa wakati mmoja, katikati ya njia panda. Ile nafasi tupu ambayo Morgan aliitafutia hataza, ndiyo tunayoigombania kila jioni.

Foleni ikizidi, anaingia trafiki na nguo zake nyeupe. Anasimama katikati, anavuta upande huu dakika nyingi, anazuia ule, na juu ya kichwa chake taa zinaendelea kubadilika, nyekundu, kijani, njano, hakuna anayezitazama. Simlaumu. Amesimama kwenye jua na moshi akifanya kazi ambayo mitambo imeshindwa au haikuwekwa sawa, na sheria inampa haki hiyo. Lakini kuna gharama isiyoandikwa kwenye kitabu chake cha faini. Dereva aliyezoea kwamba nyekundu inahesabiwa pale tu penye mtu wa nguo nyeupe, amejifunza kumwogopa mtu. Saa sita usiku mtu huyo hayupo. Taa imebaki peke yake, na dereva wetu anaipita kama anavyopita mti.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Vifo tisa kati ya kila kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina kama asilimia 60 tu ya magari yote duniani. Taa haziwezi kubeba lawama yote hiyo. Kuna mwendo kasi, pombe, barabara zisizo na njia ya miguu, magari mabovu. Lakini kwenye njia panda, pale ambapo njia za watu zinakatana kwa lazima, hakuna ulinzi unaoshinda makubaliano kwamba wewe leo na mimi baadaye.

Mtaniambia dawa ni madaraja ya juu. Kweli, mji huu umejenga: Daraja la Mfugale pale Tazara lilizinduliwa Septemba 2018, na la Kijazi pale Ubungo Februari 2021. Yamepunguza foleni, nami nayapita kwa shukrani. Ila tuelewe yanachofanya. Yanayapa magari ya njia zinazokatana kijani kwa pamoja, kwa gharama ya mabilioni ya shilingi kwa kila njia panda. Mwenda kwa miguu hapati kijani kutoka kwenye daraja la magari. Yeye bado anahitaji mtu fulani asimame.

Na wapo wenye haki ya kuipita nyekundu: gari la wagonjwa, zimamoto. Tunawapisha kwa moyo mweupe kwa sababu tunajua wanakimbilia uhai wa mtu. Kumbe watu wetu si wakaidi wa kupisha! Wanapisha wakijua wanampisha nani na kwa nini. Ving'ora vinapopita na hakuna mgonjwa wala moto, ndipo uso wa dereva hubadilika. Msafara wa kiongozi una sababu zake za usalama, na una mipaka yake. Ukimsimamisha mtu dakika arobaini bila kumwambia lolote, usishangae kesho akiidharau nyekundu ya dakika moja.

Nyekundu iliyotoka barabarani

Sasa niingie kwenye mafumbo. Mwaka 1966, katika robo fainali ya Kombe la Dunia baina ya Uingereza na Argentina uwanjani Wembley, nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, alitolewa nje na refa, na mechi ikasimama huku akigoma kutoka. Refa alikuwa Mjerumani, mchezaji hakujua Kijerumani, na ikaonekana kwamba hata wachezaji wa Uingereza walioonywa hawakujua kama wameonywa. Ken Aston, Mwingereza aliyesimamia marefa, aliondoka na gari lake akiwaza. Kwenye mataa ya Kensington High Street jibu likamjia: njano, tulia; nyekundu, umekwisha. Kadi zilianza kutumika kwenye Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970.

Leo kadi hizo zimehama uwanjani. Mfanyakazi aliyefukuzwa amelambwa nyekundu. Mradi uliokubaliwa umewashiwa taa ya kijani. Magazeti yanaandika serikali imepiga stop uchimbaji, imepiga stop michango shuleni. Fumbo limekuwa jepesi mno mdomoni, na ndiyo hatari yake. Tumechukua rangi tukaacha mpangilio. Kwenye nguzo, nyekundu haiji peke yake. Ina njano kabla yake, ina kijani baada yake, na ina kijani nyingine upande wa pili kwa wakati huo huo. Kwa hiyo ukipigwa stop na mtu au na mamlaka, uliza maswali matatu. Taa hii niliiona kutoka mbali, au imetundikwa nilipofika? Ilikuwa na njano? Na kijani amepewa nani?

Tuyajaribu maswali hayo. Mwezi Februari 2017 Kenya ilitangaza kwenye gazeti la serikali kwamba mifuko ya plastiki itapigwa marufuku, na marufuku ikaanza tarehe 28 Agosti mwaka huo. Njano ya miezi sita. Tanzania ilitangaza bungeni mwezi Aprili 2019, ikaanza tarehe 1 Juni: njano fupi zaidi, lakini ilikuwepo. Waliopewa kijani tunawajua: mitaro iliyokuwa ikiziba, mifugo iliyokuwa ikimeza plastiki, na wasusi wa vikapu ambao soko lao lilikuwa limekufa. Watengenezaji wa mifuko waliumia, na maumivu yao yalikuwa ya kweli. Lakini walisimamishwa kwa ajili ya mtu anayeonekana.

Jaribu katiba. Marekebisho ya mwaka 1984 yaliweka kikomo cha vipindi viwili kwa Rais wa Tanzania. Nyekundu hiyo inaonekana kutoka umbali wa miaka kumi, na njano yake ni kipindi kizima cha pili. Mwinyi aliifikia mwaka 1995 akasimama, Mkapa 2005, Kikwete 2015. Kenya, Moi aliifikia mwaka 2002, naye akasimama. Uganda iliiondoa nyekundu yake mwaka 2005, wakati dereva aliyekuwa kwenye usukani tangu 1986 anaikaribia. Ubaya wa kung'oa taa gari linapoikaribia hauko kwa dereva peke yake. Upande wa pili wa njia panda kuna msururu wa watu waliokuwa wakisubiri kijani yao, na hakuna aliyewaambia kwamba haitawaka.

Jaribu mahakama. Wakenya waliohubiriwa mabadiliko ya katiba ya BBI (Building Bridges Initiative) waliambiwa kwamba hakuna awezaye kuisimamisha rege, yaani mchakato huo. Mahakama Kuu iliisimamisha Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo kwa sehemu kubwa Agosti mwaka huo, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikatoa neno la mwisho kwamba Rais hawezi kuanzisha njia ya marekebisho ambayo katiba imewaachia wananchi. Kila aliyesimamishwa alisikilizwa, alikata rufaa, alijibiwa kwa maandishi. Kijani ilibaki kwa mwananchi, ambaye katiba ilimpa njia hiyo tangu mwanzo. Hiyo ni nyekundu yenye adabu.

Sasa tukumbuke kile kioo cha reli kilichovunjika. Mkaguzi wa hesabu za serikali hutoa hati safi, hati yenye shaka au hati isiyoridhisha, au hukataa kutoa maoni. Hizo ndizo taa zake, kila mwaka. Taasisi ikikosa fedha za kukaguliwa, au mkaguzi akichoka kusema, tusiusome ukimya huo kuwa hati safi. Ni taa nyeupe ya reli ya zamani: kioo kimedondoka, na treni inapita. Chombo cha kusimamisha kikiharibika, kiharibikie upande wa kusimama. Fedha zisitoke mpaka ukaguzi urudi.

Na kwa wale wanaoamini kwamba utii wa namna hii tumeletewa na magari, nawakumbusha mlango. Mgeni kwetu hupiga hodi akasimama. Sura ya An-Nur inawaamuru waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa, na wakiambiwa rudini, warudi. Mgeni hasimami kwa hofu ya faini. Anasimama kwa sababu ndani kuna mtu mwenye haki ya kujisitiri kwanza. Mtu yule yule anayepiga hodi mara tatu mlangoni kwa jirani, akipanda pikipiki anaingia kwenye zebra bila hodi. Adabu tunayo. Tumeisahau kizingitini tulipopokea funguo.

La kufanya

Namalizia kwa maombi machache ya wazi.

Wahandisi wa jiji: hesabuni taa kwa miguu ya mzee. Mzee anayekwenda mita moja kwa sekunde anahitaji sekunde 14 kuvuka barabara ya mita 14. Mkimpa sekunde 8, mmemwashia kijani ya uongo, na uongo wa namna hiyo unaua.

Jeshi la Polisi: pale taa zinapofanya kazi, ziacheni zifanye kazi. Mkono wa trafiki uwe wa dharura. Na taa zenye ubovu zitengenezwe, maana taa inayowaka ovyo kwa mwezi mzima inawafundisha maelfu ya watu kudharau ile inayowaka sawa.

Wenye mamlaka: kabla hamjapiga stop jambo lolote, andikeni kwenye karatasi jina la anayepewa kijani. Mkikosa jina, rudisheni karatasi mezani.

Madereva, na nyinyi vijana wa bodaboda mnaobeba watoto wetu kwenda shule: mstari mweupe uko pale kwa ajili ya mtu ambaye hamjamwona bado. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na wahenga hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mnaijua ya pili vizuri kuliko ya kwanza, nami sitawaambia njaa ya siku haina haki. Lakini abiria wenu amelipia kufika.

Nchi haipimwi kwa wingi wa taa zake. Inapimwa kwa dereva aliyefika kwenye nyekundu saa nane za usiku, barabara tupu, trafiki kalala, naye akasimama. Kesho asubuhi, kila mmoja wetu asimame nyuma ya mstari.